Kuta Ambazo Hazijalala

Asubuhi ya tarehe ishirini na tisa Juni, Somoe Kindamba alilamba ukuta wa nyumba namba mia mbili na sita, akatema mate pembeni, akasubiri. Ulimi ulianza kufa ganzi kabla hajahesabu hadi tano. Akaulamba tena upande wa dirishani, safari hii kwa ncha tu, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi wa jirani, na ganzi ikaja ile ile.

"Bado uko macho," alimwambia fundi aliyesimama nyuma yake.

Fundi hakushangaa. Pale Mtanga Juu hakuna aliyeshangaa tena kumwona mtu mzima, mwenye shahada yake, analamba nyumba. Wakaguzi wa kuta walikuwa na kipimo cha kisasa, kidude chenye mdomo mrefu ambacho mafundi walikiita pua, lakini wakaguzi wazuri wote walianza na ulimi. Somoe alikuwa kwenye kazi hiyo mwaka wa tisa na ulimi wake haukuwahi kumwangusha.

Nyumba za Mtanga Juu zilikuwa za kuoteshwa. Mchanga unamwagwa ndani ya fremu, kisha unanyweshwa maji yenye vijidudu na mbolea ya urea, asubuhi na jioni. Vijidudu vinakula urea na kuacha chokaa, chokaa inaushika mchanga, na baada ya siku kumi na mbili una ukuta mgumu wa kuvunja sururu. Mafundi walisema wananyonyesha nyumba, na kweli ukiwaona na mipira yao saa kumi na mbili asubuhi ungedhani wanahudumia ng'ombe. Ubaya ni kwamba vijidudu hivyo vikila vinatoa amonia, ile harufu inayokata pua kwenye vyoo vya stendi. Kwa hiyo nyumba ikishasimama huachwa siku ishirini na moja bila maji wala moto, mpaka vilivyomo ndani vilale. Ukuta uliolala vizuri hauamki tena. Uliolala nusunusu unaamshwa na vitu viwili, unyevu na joto.

Mwaka huo masika yaligoma kuisha. Mpaka mwisho wa Juni mawingu yalikuwa yamekaa juu ya kilima, na nyumba mia nne na kumi na mbili zilikuwa zimelala nusunusu.

Somoe alibandika pua ukutani, akasoma kiwango cha amonia. Thelathini na moja. Alikijua kitabu cha viwango kwa moyo. Chumba kinachofungwa, pua isizidi kumi. Chumba kinachofunguliwa madirisha saa sita kwa siku, isizidi thelathini na tano. Kwa kitabu, nyumba ilikuwa imepita. Hilo ndilo lililomnyima raha, maana kama ingefeli angekuwa na la kusema.

* * *

Mhandisi Lutengano Mwaipopo alimkuta akiwa amekaa kwenye kizingiti. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye matope hadi magotini, na alikuwa amekuja na kishikwambi chake mkononi kama anayebeba mtoto wa mtu.

"Dada Somoe, nambie kuna habari njema."

"Thelathini na moja. Kote, mwisho thelathini na tatu."

"Basi tumepita." Alifumba macho kidogo. "Tunaweza kukabidhi."

"Tumepita madirisha yakiwa wazi."

"Na yapo. Kila chumba mawili."

Lutengano hakuwa mtu mbaya, na Somoe alitamani angekuwa. Kabla ya Mfuko wa Makazi ya Haraka kuanzishwa, watu waliohamishwa na mafuriko ya bondeni walikuwa wakingoja nyumba hadi wanazeeka. Kuna kijiji kilichokaa kwenye mahema miaka kumi na moja, michoro ya nyumba zao ikihamishwa kutoka kabati hadi kabati. Serikali ikachoka, au ikaona aibu. Ikatenga fedha na kuziwekea masharti. Wilaya inayokabidhi mtaa mzima kabla ya saa sita mchana ya tarehe thelathini Juni inalipwa siku hiyo hiyo na kufunguliwa fedha za mtaa unaofuata. Inayochelewa, hata kwa saa moja, fedha zake zinakwenda kwa wilaya iliyowahi. Hakuna wa kumpigia simu. Mfumo wa kompyuta ndio uliopokea vyeti na Mfumo ndio uliolipa, na kwa mara ya kwanza tangu Somoe azaliwe nyumba za maskini zilikuwa zinaota kwa kasi.

"Mtaa wa pili ni nyumba elfu mbili," Lutengano alisema. "Tukikosa kesho, hakuna mtaa wa pili. Wa kwanza pia utasimama hivi hivi hadi mwakani."

"Siku kumi tu, Mhandisi. Jua likitoka, siku kumi kuta zinalala."

"Hizo siku kumi mimi nazitoa wapi?" Aliuelekeza mkono chini ya kilima, kwenye uwanja wa mpira uliojaa mahema meupe hadi magolini. "Surua imezika wawili wiki hii. Jana nilishika jembe mwenyewe. Sitaki kulishika tena."

Somoe aliyatazama mahema. Yeye pia alikuwepo kwenye maziko hayo.

"Kuna wazazi mle," alisema. Alimaanisha wanawake waliojifungua. "Wako ndani ya arobaini."

Lutengano alikunja uso. Kwao, kule nyanda za juu, mambo ya uzazi yalikuwa na taratibu nyingine. "Arobaini ina nini?"

Ikabidi Somoe amweleze, huku akiona jinsi maneno yake yanavyosikika ya kishamba mbele ya kishikwambi. Huku kwao mwanamke akijifungua anafungiwa ndani na mwanawe siku arobaini. Madirisha yanafungwa, nyufa zinazibwa kwa kanga, upepo usimpate mtoto na jicho la mtu lisimwone. Asubuhi na jioni mama yake au mkwe wake anamkanda kwa maji ya moto, humo humo chumbani, mpaka mvuke unatiririka ukutani.

"Unyevu na joto," Lutengano alisema polepole.

"Unyevu na joto. Na madirisha yamezibwa."

"Wako wangapi?"

"Sijui. Nitahesabu."

"Basi waelimishe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona mlango. "Wewe ni wa kwao. Ukiwaambia wewe watasikia. Au unataka niwaache wao kumi au ishirini kwenye mahema, na vichanga vyao, katikati ya surua?"

Hilo Somoe alikuwa amelifikiria tangu alfajiri. Alichukua orodha ya wakazi, akateremka kwenye mahema.

* * *

Walikuwa kumi na saba. Aliwatembelea wote siku hiyo hiyo, hema baada ya hema, na wa mwisho alikuwa Siwatu, binti wa miaka ishirini na mbili aliyejifungua mtoto wa kiume siku nne nyuma juu ya mkeka uliolowa. Nyumba yake kwenye orodha ilikuwa mia mbili na sita. Mama yake, Bi Tausi, alikuwa amemzungushia mashuka matatu ndani ya hema, moja juu ya jingine, na hewa humo ilikuwa nzito ya mafuta ya nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usiingie na maji ya mvua. Jikung'ute kwanza." Bi Tausi alimkagua kuanzia kichwani hadi viatuni. "Wewe si ndiye unayelamba nyumba zetu?"

"Ndimi, mama."

"Zina ladha gani?"

Siwatu alicheka kutoka nyuma ya shuka, na Somoe akajikuta anacheka pia. Akakaa. Akawaeleza kila kitu kwa maneno mepesi, kwamba ukuta una uhai ndani yake, haujalala sawasawa, ukipata mvuke utaamka na kutoa hewa kali, na kifua cha kichanga hakiwezi kuihimili. Madirisha yafunguliwe kutwa. Kukanda kufanyike nje, au kuachwe kabisa kwa muda.

"Nje," Bi Tausi alisema.

"Nje, mama. Uani."

"Mzazi wa siku nne."

"Najua ni vigumu. Ni siku chache tu."

Bi Tausi alimtazama kwa upole, akavuta shuka lililokuwa limefunuka pembeni. "Sawa, mwanangu. Tutafungua."

Somoe aliijua sawa hiyo. Aliisikia tangu utotoni. Mama yake aliitoa kwa mabwana afya waliokuja kupulizia dawa ya mbu, kwa maafisa kilimo, kwa wahesabu watu. Ilikuwa sawa ya kumsitiri mgeni, asiondoke na aibu ya kukataliwa. Mgeni akishaupa mgongo mlango, kila kitu kinarudi kilipokuwa. Na Somoe mwenyewe, pamoja na shahada yake, alipojifungua alilazwa siku arobaini kwenye chumba kilichozibwa, na hakuthubutu kunyanyua mkono kuondoa kanga dirishani. Alikuwa na miaka thelathini na moja wakati huo.

"Mama, unaniahidi?"

"Nimeshasema sawa. Chukua chai."

Alikunywa chai. Wote kumi na saba walimwambia sawa, na kumi na mmoja kati yao walimpa chai.

* * *

Alisaini saa nne asubuhi ya tarehe thelathini. Aliweka dole gumba juu ya kishikwambi cha Lutengano, Mfumo ukamwuliza kama amejiridhisha kuwa nyumba zinafaa kukaliwa kwa masharti yaliyotajwa, akagusa ndiyo. Ikachukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Chini ya kitufe kulikuwa na nafasi ya maoni na aliiacha tupu.

Alijiambia kwamba sheria imemruhusu. Alijiambia surua, jembe, nyumba elfu mbili. Yote yalikuwa ya kweli. Aliomba pia Mfumo utume ujumbe wa sauti kwenye simu za wazazi wote kumi na saba kila asubuhi, kuwakumbusha madirisha, na ombi lilikubaliwa papo hapo. Akaona nafuu. Aliionea haya nafuu hiyo hata wakati ule, lakini aliipokea.

Mchana watu walipanda kilima na magodoro vichwani. Wengine waliingia kwenye nyumba zao, wakatoka, wakaingia tena, kuhakikisha tu kwamba mlango unafungwa na kufunguliwa. Mzee mmoja alikaa sakafuni akaegemea ukuta na kulia bila kujificha. Siwatu alipitishwa amefunikwa gubigubi, mtoto kifuani, Bi Tausi mbele akiwatimua watu njiani kwa mkono.

Tarehe mbili Julai Somoe alihamishiwa wilaya ya jirani, ambako kulikuwa na kuta nyingine za kulamba.

* * *

Simu ya Lutengano ilimfikia tarehe kumi na moja, saa tatu asubuhi. Alisema namba ya nyumba tu. Somoe akaelewa.

Alipofika, mtoto alikuwa ameshazikwa. Walimpa jina siku ya saba, Mbaraka, na alikufa siku ya kumi na sita. Wanawake walikuwa wamekaa uani, wakamwachia njia. Alipofungua mlango wa chumba macho yake yalijaa maji, na hakikuwa kilio bado. Madirisha yote mawili yalikuwa yamefungwa, kanga zimesokomezwa kwenye nyufa kwa ustadi, moja ya rangi ya samawati na moja nyekundu. Beseni la kukandia lilikuwa pembeni. Ukuta juu ya kitanda ulikuwa umelowa na ulikuwa na joto kama ubavu wa mnyama. Alibandika pua. Sabini na nne.

Akaziondoa kanga, akasukuma madirisha. Akatoka nje akatapika nyuma ya nyumba.

Bi Tausi alimfuata na kikombe cha maji.

"Alianza kukohoa siku ya kumi," alisema, kama aliyeulizwa. "Nikadhani mafua, upepo umempata mahali. Nikaziba vizuri zaidi. Nikazidisha maji ya moto, mama yake apate maziwa. Akawa anazidi."

"Hamkusikia harufu?"

"Tulisikia. Tukajua ndivyo nyumba mpya inavyonuka. Sisi hatujawahi kukaa nyumba mpya."

"Na simu? Simu haikuwaambia?"

"Ilisema kila siku, alfajiri. Nikawa naifunika na mto isimwamshe mtoto." Alimpokea kikombe. "Mungu amempenda, mwanangu. Usijitese. Ulikuja, ulituambia, ulifanya kazi yako."

Somoe alitamani angetukanwa. Siwatu alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya ukuta wa jirani, maziwa yamelowesha gauni lake, na hakumtazama mtu yeyote.

* * *

Lutengano alikuwa akimsubiri ndani ya kibanda cha mradi. Alikuwa amepungua. Vichanga wengine wawili walikuwa zahanati kwenye hewa ya mtungi, na alishatuma watu kufungua madirisha ya waliobaki. Fomu ya tukio ilikuwa wazi mbele yake, na mkaguzi ndiye aliyetakiwa kuijaza.

Ilikuwa na swali moja lenye maana. Je, wakati wa tukio madirisha yalifunguliwa au yalifungwa? Kama yalifunguliwa, kosa ni la ukuta, na cheti cha mtaa mzima kinafutwa. Kama yalifungwa, kosa ni la mkazi aliyekiuka masharti, faili linafungwa, fedha haziguswi.

"Yalifungwa," Lutengano alisema. "Huo ndio ukweli, dada. Sikuombi udanganye."

"Ndio ukweli."

"Fremu za mtaa wa pili zimeshasimama mia tatu. Gusa, tumalize."

Somoe aligusa. Yalifungwa. Kisha akateremka hadi chini ya fomu, kwenye nafasi ya maelezo ya ziada, akaanza kuandika. Lutengano aliinama asome. *Nilijua yatafungwa. Nilijua kabla sijasaini.*

"Futa hiyo."

"Nayo ni kweli."

"Mkaguzi akikiri alijua, cheti kimekufa. Unalijua hilo? Watarudishwa kwenye mahema, wote, leo hii. Surua haijaisha." Alimshika mkono, kisha akauachia kwa aibu. "Hutamrudisha yule mtoto."

"Simrudishi. Lakini nikiacha hivi, faili litasema bibi yake ndiye aliyemuua. Na mtaa wa pili utapimwa kwa kitabu kile kile, na wazazi wa huko watasema sawa."

"Na wakifa wengine kwenye mahema?"

Somoe alisoma tena alichoandika. Hakuwa na uhakika. Mpaka leo ukimwuliza atakwambia hakuwa na uhakika, na kwamba huenda alichotaka ni kuacha kusamehewa na Bi Tausi. Alibonyeza kitufe.

* * *

Mfumo haukuchelewa. Kabla ya saa nane mchana vipaza sauti vya mtaa vilianza kusoma, kwa ile sauti ya kike isiyochoka, kwamba cheti kimefutwa, nyumba zote zihamwe hadi kuta zilale, na fedha za mtaa wa pili zimerejeshwa. Halafu, kwa kuwa sheria ilidai wakazi waelezwe sababu, vikasoma maneno ya mkaguzi neno kwa neno, pamoja na jina lake.

Somoe alisimama njia panda ambapo kila mtu angepita. Aliona ni haki yao wampate. Watu waliteremka kilima na magodoro yale yale. Mzee aliyelia sakafuni alipita bila kugeuza kichwa. Kijana mmoja alimtemea mate miguuni. Mwanamke mwenye watoto watatu alimwuliza kwa utulivu kabisa kama yeye analala wapi usiku wa leo, na Somoe akashindwa kumwambia kwamba analala kitandani. Mvua ilikuwa imeanza kunyunya.

Bi Tausi alikuja karibu wa mwisho, beseni kichwani, akimshika Siwatu mkono. Alipomfikia Somoe alisimama, akalitua beseni chini taratibu.

"Kumbe ulijua," alisema.

"Nilijua, mama."

"Nilipokwambia sawa, ukajua."

"Nilijua."

Bi Tausi alitikisa kichwa. Alikuwa analia sasa, bila sauti, na hakuyafuta machozi.

"Basi ungerudi ukayafungue madirisha mwenyewe," alisema. "Ningekutukana, mwanangu. Ningekufukuza na mwiko. Lakini ungekuwa umeyafungua."

Akajitwika beseni lake, akamshika binti yake mkono, wakashuka.